Sadaka ya Choo

Muhogo wa asubuhi ulikuwa umeshapoa kwenye sahani ya bati, na Usi hakuwa ameutia mkono. Alikaa kwenye pembe ya chumba cha mahabusu, magoti kidevuni. Alikuwa hamali wa gati, mwenye mabega ya kubebea magunia ya karafuu, lakini tangu akamatwe alikuwa akinywea kila alipotazamwa. Kesho asubuhi angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kumuua Jecha Kificho, mgawa karata, na hapana mtu Unguja asiyejua kosa hilo linampeleka mtu wapi. Inspekta Thuwaini alivuta kibao akakaa.

"Nieleze tena."

"Nshakwambia yote, Bwana Inspekta."

"Nambie kama sijapata kuyasikia."

Usi alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi nlikuwa mcheza kamari. Sikatai. Nlikicheza pale Kiponda, nyumba ya mlango wa buluu, mpaka mshahara ukanishia. Nikenda nyumbani nikachukua bangili za mke wangu, nikaziweka rehani. Nikaliwa na hizo."

"Nani alizipokea?"

"Jecha. Basi siku ile akanikuta gatini, akanambia, 'Usi, nshachoka na kazi hii, nnataka kutubia. Njoo jioni nikupe bangili za mkeo.' Nikenda. Mlango uko wazi, ndani kimya. Nikamkuta chini ya ngazi, shingo imelala upande."

"Na askari walipoingia, mkono wako ulikuwa ndani ya mfuko wa kanzu yake."

Kijana aliinamisha kichwa. "Nlikuwa nnatafuta bangili. Nlishajua kama keshakufa, na mimi nnampekua. Hapo ndipo kamari iliponifikisha. Lakini kumuua, wallahi sikumuua."

"Ulizipata?"

"Hazikuwamo."

Thuwaini alitoka na neno hilo. Bangili hazikuonekana kwa Usi, hazikuonekana kwa maiti, wala hazikuonekana ndani ya nyumba, na askari walikuwa wamefunua mpaka mikeka. Ama Usi alizizua, na kama alizizua basi hakuwa na la kumpeleka pale ila shari. Ama zilikuwapo, na mtu mwingine aliondoka nazo. Huyo mwingine ndiye aliyesimama na Jecha juu ya ngazi. Tabia, mke wa Usi, alikuwa amekwisha kumweleza zilivyo: bangili mbili za dhahabu, urithi wa mama yake, moja ina vishimo vidogo alivyotia mwanawe kwa kuitafuna alipokuwa anaota meno. Thuwaini aliamini kuwa ziko duniani. Hakujua tu ziko wapi, na kesho ilikuwa karibu mno.

Ukumbini alikutana na mkubwa wake, Mwingereza mrefu aliyejifunza Kiswahili kitabuni na kukisema kwa tahadhari, kama mtu anayevuka daraja bovu.

"Thuwaini, bado unamhoji mtu huyu?"

"Bado, Bwana Mkubwa. Hatujajua ile nyumba ya kamari ni ya nani. Jecha alikuwa mtumishi tu. Mtu aliyekuwa nyuma yake hatuna."

"Kesho Kamati ya Kamari inakutana. Wataniuliza kama jambo hili limekwisha. Nitawajibu kwamba limekwisha."

Kamati hiyo ndiyo iliyokuwa midomoni mwa watu msimu mzima. Serikali ilikuwa inatafuta ushauri: izipige marufuku nyumba za kamari na kuwatia watu jela, au izipe leseni, zitoe ushuru, na polisi waingie wakitaka. Barazani watu walikuwa wameshagawana. Wa leseni walisema kilichokatazwa hakifi, hujificha. Wa marufuku walisema serikali haiwezi kula kwenye chungu kimoja na shetani kisha ikanawa mikono. Thuwaini hakujua ashike upande gani. Yeye mwenyewe alikuwa ameuvamia mlango ule wa buluu kila mwaka, watu wakatozwa faini, na kabla wino haujakauka mlango ukawa wazi tena. Alichokijua ni kimoja, kwamba wakubwa walitaka mtu wa kuwaonyesha wanakamati, na Usi alikuwa mkononi.

"Nipe mpaka kesho asubuhi, Bwana Mkubwa."

"Mpaka asubuhi. Baada ya hapo ni kazi ya hakimu."

*

Mjane wa Jecha alikuwa akikaa Miembeni, ng'ambo ya mji, kwenye nyumba ya makuti. Thuwaini alivua viatu kizingitini akapiga hodi. Alipokewa na bibi mmoja mkongwe, shangazi wa mjane, aliyeshika tasbihi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe polisi? Walikuja wenzio, nikawaambia mtoto yuko edani, wakarudi. Na wewe rudi."

"Sitaki kumwona, bibi. Nnataka kumsikia tu. Kuna mwana wa watu atanyongwa."

Bibi alimpima kwa macho, halafu akafunga pazia la kanga kwenye mlango wa chumba, akakaa mbele yake kama mlinzi. Nyuma ya pazia sauti ilikohoa.

"Mungu akupe subira, Bi Mwanakheir," alisema Thuwaini.

"Amin. Nshapoa."

"Siku ile Jecha alipotoka hapa, alichukua kitu chochote?"

Uani kulikuwa na mlio wa mwiko wa fundi ukigonga jiwe, ko, ko, ko, kisha ukaacha.

"Alichukua bangili," alisema Mwanakheir.

Thuwaini alisogea karibu na pazia. "Bangili gani?"

"Mbili, za dhahabu. Alikuja nazo mchana. Nikamwambia, 'Mume wangu, dhahabu ya nani hii unaniingizia nyumbani?' Akasema ya mke wa hamali, nnakwenda kuirudisha. Nikazitazama. Moja imetafunwatafunwa na mtoto. Nikalia mie, maana na wangu alikuwa hivyo hivyo. Nikazifunga kwenye kipande cha kofia nliyokuwa nnaishona, nliyoiharibu. Viua vyake vilikwenda kombo upande mmoja nikaikata. Akatia mfukoni akatoka."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani kaniuliza?" Sauti ilipanda kidogo. "Askari walisimama mlangoni, wakasikia eda, wakageuka. Na mie nitoke barabarani niseme mume wangu alikuwa mgawa karata, na hitma yake haijasomwa?"

Bibi alikuwa anasogeza tasbihi haraka. Thuwaini naye aliona haya kwa niaba ya kituo kizima. Mzungu angekwenda na karatasi zake na kubisha mpaka ajibiwe, lakini askari wa Unguja akisikia neno eda hurudi nyuma kwa adabu, na kwa adabu hiyo Usi alikuwa anachungulia kaburi.

"Alikutajia mwenye nyumba ile?"

"Hakunitajia. Alisema tu, 'Mkubwa wangu hajui, na akijua hatopenda.'"

Ule mlio wa mwiko ukaanza tena uani. Thuwaini aligeuza shingo. "Nani huyo anayejenga?"

Nyuma ya pazia palitoka kicheko kifupi cha uchungu. "Huyo ndo ajabu ya msiba huu, Bwana Inspekta. Mume wangu kafa, jirani kaleta mchele, mwengine kaleta nazi, huyu kaja na mwiko. Ati katumwa kunijengea choo. Nikamwambia wanangu wana njaa. Akasema mwenye kumtuma kasema choo, hakusema chakula."

"Katumwa na nani?"

"Hataki kusema. Sadaka ya siri, ati."

*

Fundi alikuwa mtu wa makamo, kifua wazi, chokaa imemjaa mpaka kwenye nyusi. Aliitwa Jaku. Thuwaini alimsogelea akiwa na shaka iliyokwisha kuota mizizi. Mtu asiyeitwa, amekuja kwenye nyumba ya marehemu mara tu baada ya maziko, akapata ruhusa ya kuingia uani na kuchimba. Kwani hakuwa akitafuta bangili?

"Toa vyombo vyako vyote."

Jaku alimwaga kikapu chini. Mwiko, timazi, kamba, chupa ya chai. Thuwaini alichungulia shimo, akapekua mfuko wa chokaa mpaka mikono ikawa myeupe. Hapakuwa na kitu.

"Ulikuwa wapi jioni aliyokufa Jecha?"

"Bumbwini, harusini kwa mpwa wangu. Kijiji kizima kiliniona, nlicheza mpaka kiuno kikaniuma." Jaku alijifuta chokaa mikononi. "Bwana, mimi fundi tu. Nnaambiwa jenga choo, nnajenga."

"Na nani?"

"Nlikula yamini sitosema."

"Basi utaisema yamini yako kituoni, ukae na Usi chumba kimoja."

Jaku alitazama mlango wa nyumba, halafu akanong'ona. "Bwana Msabah. Wa Hurumzi. Lakini wallahi ni mtu wa kheri. Kajenga choo cha msikiti wetu, kajenga cha soko la kuku, kajenga cha chuo cha watoto Kikwajuni. Mimi mwaka wa ngapi huu nnamfanyia kazi, na sijamjengea kitu ila vyoo."

Thuwaini alisimama na chokaa mikononi. Bwana Msabah alikuwa mfanyabiashara wa mbata za nazi, mtu wa safu ya mbele kila Ijumaa. Tena alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kamari, na ndiye aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote kwamba kamari ipigwe marufuku na wachezaji wafungwe. Kumshuku mtu huyo kulikuwa sawa na kuushuku mnara wa msikiti.

"Vyoo tu?" aliuliza.

"Vyoo tu, bwana."

*

Maalim Kurwa, imamu wa msikiti wa Hurumzi, alikuwa anakunja mkeka uliochanika alipoingia Thuwaini. Wakasalimiana, wakakaa chini.

"Maalim, mikeka hii mbona imechakaa hivi?"

"Nani atanunua? Nlimwendea Bwana Msabah nikamwambia, tusaidie mikeka na taa. Akasema biashara ya mbata imelala. Mwezi uleule kaja mwenyewe, 'Maalim, nnataka kujenga choo.' Nikamwambia choo tunacho. Akasema kivunjwe kijengwe kizuri. Basi tuna choo cha marumaru, na tunasali juu ya matundu." Maalim alicheka, kisha akaona uso wa mgeni wake haucheki.

"Nnakuuliza suala la dini. Mtu ana mali ya haramu, tuseme ya kamari. Hajui irudi kwa nani. Aifanye nini?"

Maalim alinyoosha ncha ya mkeka kwa vidole.

"Asiile. Asimlishe mtu, wala asiinunulie sanda, wala asiende nayo Makka. Wako wanazuoni waliosema ajitoe nayo kwa jambo la manufaa ya watu wote lisilo la heshima kubwa. Njia. Mtaro." Alisita. "Choo."

"Na thawabu?"

"Hana. Anajisafisha tu."

Wakatazamana. Nje mtu alikuwa anapita na baiskeli akipiga kengele, na Maalim Kurwa akasema kwa sauti ya chini, "Ya Rabbi, mimi nlimwombea dua mbele ya watu."

*

"Choo?" alisema Bwana Mkubwa. "Unataka nitie saini hati ya kupekua nyumba ya mjumbe wa kamati kwa sababu ya choo?"

Thuwaini alimweleza mara mbili. Mara ya pili Mwingereza aliacha kuchezea kalamu. Hakuifahamu vizuri habari ya haramu na halali, lakini alifahamu kipande cha kofia chenye viua vilivyokwenda kombo. Kitambaa hicho, bangili zimo ndani, kilitoka Miembeni mfukoni mwa Jecha siku ile ile aliyokufa. Atakayekutwa nacho alikuwa na Jecha baada ya hapo.

"Nyumba ile ina ghorofa tatu na vyumba sivijui vingapi," alisema hatimaye, akitia saini. "Ukianza kupekua, atapata nafasi ya kutupa. Ukitoka mikono mitupu, kijana wako atakwenda kwa hakimu, na wewe utarudi kulinda maghala ya bandarini."

Thuwaini alikuwa ameshaliwaza hilo njia nzima. Hakuwa na uwezo wa kupatafuta mahali Msabah alipoficha pesa ya kamari. Ilibidi Msabah mwenyewe apaendee.

*

Alasiri hiyo askari wawili waliovaa kanzu walikaa kwenye baraza ya Hurumzi wakijifanya wanacheza bao. Thuwaini aliacha viatu chini ya mlango wa nakshi akapandishwa sebuleni, ambako Bwana Msabah alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mzee mwepesi, ndevu zimechanwa, kanzu inanukia udi. Kahawa ikaja, na halua juu ya sahani ndogo. Thuwaini alisita kuigusa.

"Kula, bwana, kula," alisema Msabah. "Pesa ya mbata hiyo."

Thuwaini alikula. Hakuwahi kumsikia mwenyeji akimwambia mgeni halua imenunuliwa kwa pesa ipi.

"Kesho kamati," alianza Msabah, "na mimi nitasimama nitasema. Kamari imetajwa pamoja na ulevi. Leseni ni nini? Ni kumwambia mtoto, haramu hii imepigwa muhuri. Tumwone yule hamali aliyeua. Wafungwe wote."

"Tutakusikiliza, bwana. Lakini mimi nimekuja kuomba. Mayatima wa yule marehemu hawana chakula. Gunia la mchele tu."

Msabah alishika ndevu. "Haya, Mungu atawafungulia. Mbata mwaka huu, ah, hata sisemi. Nina watu wangu pia wa kulisha."

"Sawa, bwana. Nilijua ni mzigo." Thuwaini alinyanyuka kidogo kama mtu anayeaga, kisha akakaa tena. "Na lile la pili basi naliacha. Mahamali wa gati walikuwa wanatafuta mtu wa kuwajengea choo."

"Choo?"

"Choo, bwana. Lakini kama mbata imelala..."

"Subiri, subiri." Uso wa mzee ulikuwa umefunguka. Huenda vyoo vya kujenga vilikuwa vimeanza kumwishia mjini. "Mahamali ni watu dhaifu. Choo ni usafi, na usafi ni katika imani. Nisubiri hapa hapa, nisikuache mikono mitupu."

Akatoka. Thuwaini alisikia miguu yake ikipanda ngazi, akahesabu moyoni bila kutaka, kisha akainuka. Hakuwa na viatu, alikuwa ameviacha mlangoni kama mgeni yeyote mwenye adabu, na ngazi za chokaa hazikutoa sauti. Alipita ghorofa ya pili, mlango wa chumba cha kusalia uko wazi, msahafu juu ya marufaa. Hakumwona mtu. Hofu ilimshika kwamba mzee amekwisha shuka kwa ngazi ya uani. Akapanda tena. Juu kabisa, pembeni mwa sakafu ya dari, palikuwa na choo kidogo kisichotumika, na humo alisikia bati likikwaruza jiwe.

Msabah alikuwa amempa mgongo. Alikuwa ametoa kopo kubwa la biskuti kwenye kidaka cha ukuta, amelifungua, na anachambua noti kwa ncha za vidole, kanzu ameikusanya kwa mkono wa pili isiguse kitu.

"Usilifunge, bwana," alisema Thuwaini.

Mzee aligeuka. Thuwaini alimwonyesha hati, na kwa dirisha akawapigia mluzi askari wake. Msabah hakukimbia. Alitazama hati, akalitazama kopo, akaliweka chini taratibu. Chini ya noti palikuwa na pete, mkufu uliokatika, saa ya mkononi, na kifurushi cha kitambaa cheupe. Thuwaini alikifungua. Viua vya kofia vilikuwa vimeshonwa vizuri upande mmoja na upande wa pili vimekwenda kombo. Ndani mlikuwa na bangili mbili. Aliipitisha moja kwenye kidole akavihisi vishimo vya meno.

"Kitambaa hiki Jecha alikitia mfukoni siku aliyokufa," alisema. "Kilifikaje hapa?"

Msabah alikaa juu ya kizingiti cha choo, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa hakai ila juu ya zulia. "Nlimkuta Kiponda juu ya ngazi, anazo mkononi, anamngoja hamali. Nikamwambia rejesha. Akasema anatubu, na atakiri yote mbele ya polisi. Nikamshika mkono, akavuta, nikamsukuma. Nlitaka anyamaze tu, Thuwaini. Ngazi zile ni za zamani."

"Na ukamwacha Usi abebe."

Mzee alikusanya kanzu yake juu ya magoti.

"Kesho ulikuwa unakwenda kutaka marufuku."

"Na nnataka mpaka leo. Haramu ni haramu." Halafu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kujificha, "Tena wakitoa leseni, kila mwenye chumba atafungua. Na wataniuliza jina. Wakikataza, waoga wote watafunga milango yao, nibaki mimi."

Askari walikuwa wamefika juu wanahema. Thuwaini alikunja kitambaa, akakifunga kama alivyokikuta. Lilimbakia swali moja ambalo hakimu asingeliuliza.

"Kwa nini hukuwapelekea wale watoto mchele?"

Msabah alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Pesa ya kamari? Niwalishe mayatima haramu? Namwogopa Mungu mimi."

*

Asubuhi Kamati ya Kamari ilikaa na kiti kimoja kitupu. Wa marufuku hawakuwa na la kusema kwa kuwa msemaji wao alikuwa ndani. Wa leseni walisema mengi, mpaka mtu mmoja akawauliza kama Bwana Msabah angeomba leseni wangemkatalia kwa sababu gani, mtu mwenye sifa njema kama ile. Wakaahirisha.

Usi alifunguliwa kabla jua halijapanda. Tabia alikuwa anamsubiri kwenye ukumbi wa kituo, buibui limemfunika mpaka kwenye nyusi. Thuwaini alimkunjulia kitambaa mezani.

"Ni zako?"

Hakuzichukua. Aliweka kidole kwenye vile vishimo vya meno, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

"Zangu."

"Zitakaa hapa mpaka kesi ya Bwana Msabah imalizike. Kisha utarejeshewa."

Usi alikuwa amesimama mlangoni, mwanga wa nje umemwingia machoni. Alimshika Thuwaini mkono kwa mikono yake miwili, akataka kusema ahsante, machozi yakamtangulia. Thuwaini naye alifurahi. Tangu aanze kazi hii, mara chache alimwona mtu akitoka kwa mlango ule.

"Nenda na mkeo, Usi. Yamekwisha."

"Bwana Inspekta." Kijana alisogea karibu, akashusha sauti mke wake asisikie. "Ule mlango wa buluu, mshaufunga?"

"Umepigwa misumari."

"Na ule wa Darajani?"

Thuwaini alimkazia macho. "Upi wa Darajani?"

"Upo mwengine. Mpya, wameufungua majuzi." Midomo ilikuwa inamcheza. "Ufungeni, bwana, nakuombeni. Ama wekeni askari hapo. Mimi nikenda gatini njia yangu hiyo, kila siku, na hapana nyengine."

Alikuwa amesema kwa sauti ndogo, lakini haikutosha kuwa ndogo. Tabia alikuwa ameondoa kidole chake kwenye bangili. Alikikunja kitambaa, ncha juu ya ncha, akakisukuma upande wa pili wa meza, mpaka kikagusa mkono wa Inspekta.

"Kesi ikisha, msinirejeshee," alisema. "Kaeni nazo hukuhuku."

Kisha akavuta buibui, akatoka barabarani, na mumewe akamfuata nyuma.